Kunde Zilizosubiri Mama Mkwe

Kunde zilikuwa zimejaa shambani, watoto wangu walikuwa na njaa, na hatukuweza kuzila kwa sababu mama mkwe hakuwepo. Kwetu mazao mapya hayaingii mdomoni mwa mtu yeyote kabla mama mwenye boma hajayaonja. Akishatafuna yeye, hata punje tatu, basi, wengine mnakula. Na yeye alikuwa ameenda Mukuyuni kumtunza binti yake aliyejifungua. Alipoondoka maganda yalikuwa membamba kama nyasi, akasema atarudi kabla hayajajaa. Mvua ikanyesha vizuri kuliko alivyodhani. Maganda yakajaa, yeye hakurudi.

Majani tulikuwa tunakula. Majani ya kunde hayahesabiwi, sijui ni nani aliamua hivyo. Asubuhi majani, jioni majani, na uji mwepesi wa unga uliobaki chini ya debe. Ghala nilishalifagia, hata vumbi lake nikalipepeta. Mume wangu alikuwa kazini kwenye reli, huko Sultan Hamud, na huja na unga mwisho wa mwezi. Mwezi ndio kwanza ulikuwa umeanza. Choo cha watoto kilikuwa cha kijani kama cha mbuzi. Nasema wazi kwa sababu kila mama anajua hicho ndicho kitu cha kwanza tunachoangalia.

Mimi nimesoma sekondari. Nilichora moyo wa mtu na mishipa yake yote, nikafundishwa ugonjwa unatoka wapi. Kanisani pia walituambia mambo hayo ya kuonja tuyaache. Basi kila asubuhi nilisimama kwenye tuta la shamba, naangalia maganda yale, na hasira inanipanda mpaka masikio yanawaka. Sikuamini kwamba kunde inaweza kumdhuru mtoto kwa sababu bibi yake hajaila. Lakini wa pili wangu, wa miaka minne, alikuwa ametoka kwenye homa juzi tu. Sikuamini, na sikuthubutu.

Jirani yangu aliniona nimesimama pale siku ya tatu.

“Chuma, upike, ufunge mlango,” akasema. “Nani atajua?”

“Mtoto akiugua kesho, wewe ndiwe utakuwa wa kwanza kusema ni zile kunde.”

Akacheka, kwa sababu ni kweli.

“Basi mfuate huko huko,” akasema. “Kuchuma si kula.”

Nafikiri alikuwa anatania. Mimi niliamka kabla ya jua, nikachuma maganda ya kujaza nusu kiondo, nikamwachia jirani watoto wawili wakubwa, nikambeba mgongoni yule anayenyonya, nikashika njia ya Mukuyuni. Ni mwendo wa asubuhi nzima, kupanda na kushuka. Njia yote nilikuwa nagombana na watu wasiokuwepo: mume wangu, mama yake, na mwalimu wangu wa sayansi.

Mama mkwe, mwaitu kama tunavyomwita mama kwetu, alikuwa uani kwa binti yake, anachambua mbaazi. Aliponiona, ungo ukamwinama mapajani.

“Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, mwaitu. Nimekuletea kunde uonje.”

Akaangalia kiondo. Akaangalia miguu yangu, vumbi mpaka magotini. Halafu akaita kuelekea ndani ya nyumba, “Wewe, toka uone. Kaka yako alioa msomi. Ametuletea shamba mpaka Mukuyuni.”

Wifi yangu akatokea mlangoni ameshika tumbo. “Usinichekeshe, mama. Bado naumwa.”

“Huko shule hawakuwafundisha kuandika barua?” mama mkwe akaniuliza.

“Barua haitafunwi. Onja kwanza, utacheka baadaye. Watoto hawajala, na wa pili ametoka kwenye homa juzi.”

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama mkwe wangu, mbele ya binti yake. Wifi akaacha kucheka. Mimi nikangoja nifukuzwe.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alichukua ganda moja, akalipasua kwa ukucha, akatia punje mdomoni, akatafuna polepole kama mtu anayetafuta kosa. Akalipata.

“Zimepitiliza. Hizi zilikuwa za siku tatu zilizopita.”

“Siku tatu zote nilikuwa nakungoja wewe.”

“Na miguu hii iliyokuleta leo, siku hizo ilikuwa wapi?”

Nilikuwa nimekaa na hasira nyumbani siku tatu, nikidhani hasira ni kazi. Macho yakaniuma, nikajifanya natoa vumbi. Yeye akamfungua mtoto mgongoni mwangu bila kuomba, akanisukumia kibuyu cha uji wa mawele.

“Kunywa. Shingo yako imekuwa ya kuku. Ukitoka hapa uende moja kwa moja. Chuma matuta ya juu, upike leo leo. Yale ya chini uyaache yakauke, ni mbegu. Na mwenye homa usimpe maganda, mpe punje.”

“Ndiyo, mwaitu.”

“Mimi nitakuja Jumamosi. Nisikute umemaliza shamba.”

Kurudi nilikuwa karibu kukimbia, mtoto mgongoni. Kiondo kilikuwa na mbaazi zake juu ya kunde zangu, kizito kuliko nilivyokuja nacho, na sikukisikia. Nilifika jua likiwa bado juu ya kilima, nikawachukua wanangu kwa jirani, nikabandika sufuria kubwa. Chumvi haikuwepo. Nilichemsha kunde hivyo hivyo, mkubwa anachochea moto na kuuliza kila mara kama ni kweli bibi amekula. Nikamwambia amekula, nimemwona kwa macho yangu. Akauliza alitafuna punje ngapi.

Walikula bila kuinua vichwa. Niliwamenyea, mkono ukachoka, nikaendelea kumenya. Halafu yule wa pili, wa homa, akasukuma bakuli lake. Niliogopa, nikamshika kipaji cha uso. Hakikuwa na moto.

“Nini? Tumbo linauma?”

“Nimeshiba,” akasema.

Bakulini zilikuwa zimebaki punje kama kumi. Nikamuuliza tena, akasema tena.

Nikazila mimi.