Mmea Uliopanda Fimbo ya Mzee

Ndanu alikuwa amemaliza miaka mitatu katika ukoo wa mzee Parmuat, na kwa miaka yote hiyo baba mkwe wake hakuwa na jina la kumwita. Si kwamba alimchukia. Kwao Ewuaso Kedong, Umaasaini, bibi harusi akifika nyumbani hupewa mnyama, na tangu siku hiyo yeye na aliyempa huitana kwa mnyama huyo. Soipan, mke wa kaka mkubwa wa Austin, mume wa Ndanu, alipewa kondoo, enker kwa Kimaasai, akawa Paker. Lakini Ndanu, msichana wa Kikamba, aliolewa mwaka wa ule ukame mbaya, kondoo wa mzee wakifa kila asubuhi. "Wacha mvua inyeshe," mzee alisema. Mvua ikanyesha, kondoo wakazaana, na mzee akaendelea kumwita "wewe wa Austin".

Ukimwuliza Ndanu, angekuambia hajali. Uongo mtupu! Alijali sana. Kila Krismasi alipokaa jikoni kwa wakwe akisikia Paker leta hiki, Paker njoo hapa, alijiona kama jirani aliyekuja kuazima sufuria.

Ana saluni mtaani Noonkopir, Kitengela, na mdomo wake hufanya kazi haraka kuliko vidole. Nyumbani, anayempenda wa kwanza ni mumewe Austin, na wa pili ni mmea wa monstera, ule wenye majani mapana yaliyotoboka. Austin ana shaka kidogo na mpangilio huo. Mmea anauita Kitheka, jina la mjomba wake, kwa sababu mjomba naye akikaribishwa sebuleni haondoki, anazidi kutanuka tu.

Kitheka anakaa kando ya dirisha, nyuma ya pazia jepesi, apate mwanga bila kuunguzwa na jua. Maji ya kisima ya Kitengela yana chumvi, na mwanzoni yalimbabua ncha za majani. Tangu hapo anakingiwa maji ya mvua kwenye ndoo yake mwenyewe, na ole wake Austin akiyafulia soksi. Hapewi hata tone mpaka Ndanu atumbukize kidole udongoni na kukuta pakavu. Jumapili, kabla ya kanisa, hupanguswa jani moja moja kwa kitambaa chenye maji huku akisimuliwa umbea wote wa saluni.

Shida ilianza Kitheka alipotaka kupanda. Mmea huu kwao ni msituni, na hujishikilia kwenye miti kwa mizizi inayochomoza shinani. Wauza miche wa barabarani walimwonyesha Ndanu nguzo iliyofungwa makumbi ya nazi. Aliposikia bei alicheka mpaka muuzaji naye akacheka, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndipo mzee Parmuat akaja kutibiwa macho. Alifika akipapasa njia kwa fimbo yake ya mzeituni mwitu, iliyokuwa nyeusi kwa kushikwa, fimbo aliyopewa siku alipoingia katika safu ya wazee. Akapasuliwa, akakaa nao wiki tatu. Bandeji zilipotolewa aliona mpaka kunguru juu ya nyaya za stima. Kwa furaha akaondoka akitembea kama kijana, na fimbo ikabaki imeegemea chungu cha Kitheka.

"Siku mbili tu," Ndanu akajiambia, akaichomeka ndani ya chungu. Akaizungushia gunia kuukuu, akalilowesha. Siku mbili zikawa miezi saba.

Alhamisi moja mzee akapiga simu, Ndanu akiwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Wewe wa Austin! Ile fimbo yangu iko?"

"Iko, Baba. Imesimama tu pale uliiacha."

"Haijaliwa na mchwa?"

"Mchwa itoke wapi? Hiyo fimbo imevaa nguo, na kila wiki inakunywa maji."

Mzee akacheka sana. "Ashe, asante. Nakuja Jumamosi. Kuna mkutano ya wazee, na siwezi simama mbele ya watu mkono mtupu."

Mteja alirudi nyumbani na msuko mmoja uliopinda. Ndanu alifungua gunia na kukuta mizizi imepenya na kuikumbatia fimbo toka chini hadi juu. Akavuta kidogo. Kitu kikalia ta! Akaachia haraka, akalifunga tena gunia na kumwomba Kitheka msamaha.

"Jumamosi mimi niko na kazi," Austin akasema kutoka mlangoni.

"Kazi gani?"

"Bado sijajua, lakini iko."

Ijumaa Ndanu akanunua fimbo nyingine sokoni. Akaipaka rangi nyeusi ya viatu, akaongeza mafuta ya kupikia na majivu ya jiko, kisha akaipiga mateke kwenye veranda ili izeeke. Kufikia jioni ilikuwa na sura ya fimbo iliyoona mengi, naye akalala ameridhika kabisa. Alisahau jambo moja tu, yaani kile hasa kilichompeleka mzee hospitalini.

"Takwenya!" mzee akamsalimu kwa Kimaasai Jumamosi.

"Iko!" Ndanu akaitikia kwa Kimaasai hichohicho, akainamisha kichwa kiguswe. Akamimina chai, kisha akaleta fimbo kwa mikono miwili.

Mzee akaigeuza. Akainusa. Akatazama kiganja chake, kilichokuwa cheusi tititi.

"Hii ni fimbo mzuri," akasema polepole. "Inanuka kiatu ya askari. Sasa niletee yangu, ile imevaa gunia pale. Nimeiona nikiwa mlangoni. Ama ulisahau nilitengenezwa macho?"

Ndanu alitamani sakafu immeze. Miaka mitatu alingoja jina, na sasa jina lililomfaa lilikuwa Mwizi. Akachukua kisu cha jikoni, akapiga magoti mbele ya chungu.

"Nisamehe, Baba. Nitaikata saa hii."

"Ngoja." Mzee akachuchumaa kando yake, akashika jani kwa vidole viwili kama ashikaye sikio la ndama. "Hii inaliwa na mbuzi?"

"Hapana. Mbuzi akikula, mdomo inafura."

"Inazaa?"

"Hapa ndani, hapana."

"Utaiuza?"

"Hii siwezi uza, Baba."

"Sasa ni ya nini?"

"Ni ya kuangalia tu."

Mzee akaliachia jani. Kisha akasema, "Niko na ng'ombe moja, dume, pembe zimepinda. Imezeeka. Vijana wananiambia kila siku, Baba, uza hiyo. Asubuhi natoka nje, nakaa, namwangalia. Basi." Akamnyang'anya kisu taratibu na kukiweka mezani. "Usikate. Mimi sikukupa kondoo."

"Baba, mimi sijasema kitu."

"Hukusema. Lakini nikikuita wewe wa Austin, unaangalia chini. Zamani nilikuwa sioni. Siku hizi naona." Akagonga fimbo yake ndani ya gunia mara moja, kama anayeaga. "Hiyo nimekupa. Kuanzia leo nitakuita Pafimbo, na wewe uniite Pafimbo."

Ndanu akalia palepale sakafuni, kamasi na yote, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Mzee akamaliza chai yake, akachukua ile fimbo ya sokoni, akaondoka akiacha alama ya kiganja cheusi kwenye kitasa, kwenye ukuta na kwenye shati la Austin, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha ghafla.

Jumapili Ndanu alikuwa akimpangusa Kitheka majani Soipan alipopiga simu, sauti imejaa huruma.

"Dadangu, baba anakuita Pafimbo kwa wazee wote huku. Pole sana. Kwani alikuchapa ngapi?"

Ndanu akatazama fimbo yake, akakamulia kitambaa juu ya gunia.

"Moja tu," akajibu. "Na hiyo moja bado naimwagilia maji."