Mwanya wa Baba Chini ya Kauri

Mwezi wa kwanza niliishi na meno yangu mapya kama mtu aliyeachiwa mtoto wa tajiri amlee. Mswaki laini. Uzi wa meno asubuhi na jioni, hasa pale kauri inapokutana na ufizi. Kucha sing'ati, barafu sitafuni, na chupa ya soda, ambayo zamani niliifungua kwa jino wajomba wakishangilia, sasa naiombea kifungulio. Daktari alikuwa amenibandikia vigae viwili vyembamba, yeye anaviita faseti, juu ya meno ya mbele, na mwanya wangu ukazibika. Kazini, kwenye mikutano ya kompyuta, nilikuwa nimechoka kuuona huo mwanya ukiingia kikaoni kabla yangu.

Shida ni kwamba mwanya haukuwa wangu peke yangu. Ulikuwa wa marehemu baba. Tangu tumzike, kila nikifika kwake, mtaa wa Kasha, mama hunisimamisha mlangoni: "Cheka kwanza, nione papa yako." Nikishacheka ndipo hunipisha. Hilo nililikumbuka nikiwa nimeshatoka kwa daktari, najitazama kwenye kioo cha teksi. Akili ni nywele, na siku hiyo nilikuwa na kipara.

Wiki sita nikazimaliza kwa visingizio vya kutokwenda kwa mama. Jumapili iliyofuata nikatoka kwangu Muhumba, nikaenda kwake nimevaa barakoa.

"Maman, gripe iko inanisumbua," nikasema mlangoni, nikijifanya nina mafua, nikapita haraka.

Mama akaniletea muhindi wa kuchoma, nao daktari amenikataza kuuma. Nikaomba kisu, nikapukuchua punje, nikawa nazipitisha moja moja chini ya barakoa kama ninayelisha kuku aliyefichwa humo. Mama alinitazama kwa muda wa punje kumi nzima.

"Weye, toa ile kitu kwa kinywa. Cheka."

Nikaivua, nikacheka huku naogopa kweli. Nilijiona nimemzika baba mara ya pili, tena kwa ajili ya urembo. Mama akasogea, akagonga kigae kimoja kwa ukucha.

"Papa yako naye alifanya hivi," akasema. "Siku ya ndoa yetu. Alikuwa anasikia haya ya ule mwanya, akauziba na buji, ile mushumaa ya kanisa. Kwa mafoto yote iko anacheka sawa ministre, waziri muzima. Miye nikajiuliza: huyu nimeolewa naye ni nani?"

"Ukafanya nini, maman?"

"Nikamupatia chai ya moto. Ile buji ikayeyuka yote. Ndiyo nikamuona bwana yangu."

Tukacheka wote wawili, na baba nikamkumbuka. Kisha mama akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha chai kinachofuka moshi, akakiweka mbele yangu. Akaketi, macho yote kwenye kinywa changu.

"Kunywa, mutoto wangu. Kunywa yote."