Mume Wangu na Drafti ya Kompyuta

Nilikuwa na hakika mume wangu amepata mwanamke. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kiboriloni, pembeni mwa mji wa Moshi, yeye akifundisha jiografia sekondari, mimi nikifuma masweta ya shule kwa mashine na kuyapeleka sokoni. Alikuwa mtu wa nyumbani. Halafu akaanza kuchelewa kurudi, macho mekundu, anaongeleshwa hasikii. Nikimuuliza ananijibu, "Nilikuwa intaneti, nasoma." Alikuwa amejiunga na chuo kwa masafa, anatafuta digrii, na masomo mengine yalikuwa huko kwenye kompyuta tu, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Lakini nikimuuliza amesoma nini ananuna.

Jumamosi moja nikamfuata mjini. Miaka ile vibanda vya intaneti vilikuwa vimeota Moshi nzima, kila penye watalii wa mlima na wanafunzi. Chake kilikuwa karibu na stendi, chumba kirefu chenye joto, mashine zimepangwa ukutani na watu wamewapa wageni migongo. Niliingia kanga nimeifunga kiunoni, tayari kwa ugomvi. Nikasimama nyuma yake. Hakunisikia. Mbele yake kulikuwa na ubao wa drafti, kete nyekundu na nyeusi.

"Unacheza na nani?" nikamuuliza.

Alishtuka kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. "Simjui."

"Yuko wapi?"

"Hata hilo silijui."

Mwanamke ningejua la kumfanya. Drafti wanaume wanacheza chini ya kila duka la mtaa wetu, kwa vizibo vya soda, na jua likizama wanakwenda kwao. Huyu wa kwenye kioo hakuwa na kwao. Ukimfunga anakuja mwingine, usiku wa kwetu ni mchana wa kwao, hakuna anayechoka.

Tulirudi kwa miguu. Njiani akaniambia ukweli, na nilimwamini.

"Nikikaa kusoma, ukurasa wa kwanza tu kichwa kinakuwa kizito. Najiambia nicheze mmoja nichangamke. Nikishinda nataka mwingine. Nikifungwa ndiyo kabisa, siwezi kuinuka nimefungwa."

"Sasa tufanye nini, Mwalimu?"

"Uwe unakuja na mimi. Ukae hapo pembeni. Mbele yako nitaona aibu."

Ndivyo tulivyofanya. Nilichukua masweta yaliyokuwa yamebaki kushonwa shingo, nikakaa kwenye stuli kando yake na sindano yangu. Mkono wake ukianza kutafuta drafti nilimgusa kiwiko, basi. Mwanzoni alitoka jasho kabisa, mguu unatikisika chini ya meza. Baadaye akatulia. Alimaliza kazi za chuo akazituma, na majibu yalipokuja alinisomea maoni ya mwalimu wake kwa sauti, tukiwa tunakula. Nadhani huo ndio wakati wetu mzuri kuliko wote, nikiwa nashona shingo za masweta ya watoto wa watu kwenye chumba kile cha joto.

Ikafika Desemba. Shule zikikaribia kufunguliwa kila mzazi anataka sweta, na mashine yangu haipumziki. Nikamwambia, "Nenda tu peke yako, umeshazoea." Akaenda. Siku za kwanza alirudi mapema. Kisha macho mekundu yakarudi, na mimi nikajifanya sijayaona kwa sababu nilikuwa na kazi.

Mama mkwe aliugua mwaka uliofuata. Alikuwa mjane, anaishi juu mlimani kwenye kihamba cha familia, katikati ya migomba na kahawa. Bei ya kahawa ilipoanguka majirani wengi waling'oa mibuni yao wakapanda nyanya. Yeye alikataa kung'oa hata mmoja. Mimi ni wa Kahe, wa chini huku kwenye mifereji na mpunga. Wengine kule juu waliponiona walikunja midomo. Yeye alinishika mkono akaniingiza jikoni akanifundisha kupika mtori, supu yao ya ndizi na nyama, na tangu siku hiyo akaniita mwanangu.

Lilikuwa ini. Hospitali walituambia tumrudishe nyumbani. Nilifunga mashine yangu nikahamia kihambani kumuuguza, na mume wangu akawa anakwenda shuleni asubuhi na kupanda jioni. Mama mkwe alikuwa na mtoto mwingine mmoja tu, kitinda mimba, aliyekuwa masomoni ng'ambo. Alikuwa amehama nyumba, na namba ya simu tuliyokuwa nayo haikupatikana tena. Njia iliyobaki ilikuwa intaneti.

"Mwandikie mdogo wako," mama akamwambia mume wangu. "Mwambie aje nimwone. Asisubiri."

"Kesho nikitoka shule, mama."

Kesho yake alirudi jioni akasema, "Nimetuma." Siku iliyofuata mama akauliza, "Amejibu?" Akasema, "Amejibu, mama. Anatafuta tiketi."

Mama akafurahi. Alikuwa hawezi tena kuinuka, lakini aliniita akanionyesha kwa kidole dirishani. "Ule mkungu wa ndizi mshare karibu na zizi, msiukate. Ni wa mtori wake."

Kila jioni aliuliza. Kila jioni mume wangu alikuwa na jibu: ndege zimejaa, viza, mitihani imemshika kidogo, wiki ijayo. Mimi mwenyewe nilikuwa namkasirikia shemeji. Nilijiuliza ni elimu gani hiyo inayomzuia mtu kuja kwa mama yake. Mkungu ukaiva mgombani, ndege wakautoboa, na mama bado hataki uguswe. Mwisho akaacha kuuliza. Alikuwa anaita tu jina la mwanawe, kwa Kichagga, lile la utotoni.

Alikufa asubuhi, nikiwa namgeuza.

Wazee wa ukoo wakasema mdogo ajulishwe haraka, mwili ukae mochwari mpaka afike. Mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda parokiani kumwona padri, kwa hiyo nikashuka mjini mimi. Anuani ya intaneti ya shemeji ilikuwa imeandikwa nyuma ya picha yake iliyotundikwa sebuleni, nikaibeba picha nzima. Sikujua kuandika kwa kompyuta. Mwenye kibanda, mwanamume mzima mwenye upole, aliniandikia: mama amefariki, njoo tuzike.

Nikakaa nipumzike kabla ya kupanda tena. Jibu likaingia kabla sijaondoka. Mwenye kibanda akanisomea.

"Shemeji, mama alianza kuumwa lini? Mbona hakuna aliyeniambia?"

Nikamwambia asome tena. Akasoma.

"Si Mwalimu alimwandikia hapa hapa?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Mama, barua za watu mimi sizijui. Ninachojua alikuwa anakuja kila siku anacheza. Juzi ilibidi nimwambie, Mwalimu, kuna watu wanasubiri mashine."

Sikumbuki nilivyopanda mlima siku ile. Nilimkuta mume wangu anapanga mabenchi ya waombolezaji. Nikamwita nyuma ya zizi.

"Hukumwandikia."

Hakukana.

"Kila siku nilikwenda kwa ajili hiyo," akasema. "Nilikuwa sijui nianzeje kumwambia kwamba mama anakufa. Nikasema nicheze mmoja, nipate nguvu ya kuandika. Siku ya kwanza umeme ukakatika sijaandika. Nikadanganya, nikijua kesho nitatuma. Kesho yake nikawa namwogopa na mdogo wangu, kwa sababu nimechelewa. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana."

"Ungeniambia nikusindikize."

"Ulikuwa unamshika mama. Ningekuambiaje?"

Nilitaka kumpiga. Nilimwona alivyokonda, na bado nilitaka kumpiga. Ndani watu walianza wimbo wa kanisa, nikaingia kuwapokea.

Shemeji alifika, tukazika kihambani, kando ya baba yao. Hakupiga kelele, hakuuliza kitu mbele za watu. Siku ya pili baada ya maziko mume wangu alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, akamletea mdogo wake kwa mikono miwili. Kule mlimani mtu akikuletea isale kuomba msamaha, hukatai. Shemeji alilipokea.

"Nimekusamehe," akasema. Kisha akauliza, "Siku zake za mwisho alikuwa anasema nini?"

Mume wangu akanigeukia mimi, maana siku hizo alikuwa akishinda mjini. Nikamjibu mimi. Nilimweleza alivyokuwa anaita lile jina. Shemeji akainuka akaenda kusimama kwenye mibuni, na kesho yake akasafiri.

Nilidhani jambo zito namna ile litamvunja mtu tabia. Matanga hata hayajasahaulika, jirani akaniambia amemwona Mwalimu kwenye kibanda kingine, upande wa pili wa mji, wanakojua watu wachache. Nilipomuuliza alilia. Alisema akiwa anacheza ndipo tu hamkumbuki mama. Digrii akaiacha njiani. Aliacha drafti miezi kadhaa, akarudia, akaacha tena. Baadaye shule yao ilipata kompyuta, mkuu wa shule akamtaka awe msimamizi wa chumba. Akakataa. Mkuu akamwona mvivu, akampa kazi hiyo kijana aliyeajiriwa nyuma yake, na mpaka walimu wenzake wakawa wanamsema. Hakumwambia mtu kwamba aliiogopa drafti.

Tunaishi pamoja. Ni mpole, watoto tuliowapata baadaye wanampenda, jioni yuko nyumbani. Shemeji huniandikia mimi, siyo kaka yake. Na mume wangu akiniambia amelipa ada ya mtoto, au amepeleka salamu za msiba mahali, mimi huvaa viatu nikaenda kuhakikisha. Anajua ninakokwenda. Hukaa pale mlangoni akanisubiri nirudi, ndipo tunakula.