Kipimo Kizuri cha Mzee Kaspari

Kicheko nilikisikia kwanza. Nilikuwa bado koridoni, siku yangu ya kwanza kliniki ya sukari hapa Ifakara, nikitokea zahanati ya Masagati, na nyuma ya mlango watu wanacheka kama wako harusini. Kumbe wagonjwa walikuwa wakitaniana juu ya ukubwa wa sahani zao.

Kazi yenyewe ni ndogo kuitazama: unatoboa kidole, tone la damu linanyonywa na kijiti kilichochomekwa kwenye mashine, namba inatokea. Mzee Kaspari wa Kibaoni alikuwa na kidonda kwenye dole gumba la mguu, na daktari alishamwonya kwamba kisipokauka dole litakatwa. Namba yake ikatoka nzuri. Nikampongeza mbele ya wote, wakampigia makofi. Mwezi uliofuata namba nzuri tena, lakini kidonda kimechimbika.

Muuguzi Kiongozi, mama asiyepaza sauti, akamgeukia. "Shikamoo, mzee. Umekula lini mara ya mwisho?"

"Marahaba. Juzi. Nije kupimwa tumbo limejaa, mwanangu? Hata komunyo tunafunga!"

Chumba kizima kikacheka. Wengi walikuwa wanafanya hivyohivyo.

Muuguzi Kiongozi akanivuta pembeni. "Umepima njaa. Mtu bado hujampima. Kamuulize anavyoishi, halafu unyamaze."

Nikamuuliza. Alikuwa akikaa dunguni, kile kibanda cha miti shambani, akiamia ndege wasimalize mpunga. Tangu alfajiri anakimbia pekupeku kwenye tope, vidonge kaviacha mjini, jioni anakula mlima wa wali.

"Sasa tufanyeje, mzee?"

Alifikiri sana. Nikanyamaza.

"Ugoro sijausahau hata siku moja. Vidonge vikae nao mfuko mmoja."

"Na ndege?"

"Nitafunga makopo kwenye kamba, niivute nimekaa. Mguu upumzike."

"Na wali?"

"Hapo sasa unataka kuniua!"

Tukapatana nusu sahani, nusu nyingine matembele.

Nimestaafu sasa. Vijana mnaoingia kazini, mashine zenu ni nzuri kuliko zetu, ila hazijui kungoja jibu. Mimi nilijifunza kungoja, na ninazeeka na moyo mweupe kwa sababu ya asubuhi moja, baada ya mavuno. Daktari alifungua bandeji, akabonyeza ngozi mpya, akasema, "Hakuna cha kukata."

Mzee Kaspari akavaa soksi polepole, kisha viatu.

"Haya, nesi, mimi naenda kula," akasema, akatoka na vidole vyake vyote, akauvuta mlango nyuma yake.