Vitufe Visivyo na Majina

Mjomba wangu alipofuka akiwa kijana, na miaka yake yote ya kazi aliimaliza kwenye chumba cha simu cha ofisi kubwa ya serikali, akipokea na kuunganisha. Watu wakamwita Swichibodi, jina likamganda. Ukiongea naye mara moja tu, hata ukirudi baada ya miaka ukiwa na mafua, atakuita kwa jina. Siku moja nilimpigia nikaigiza sauti ya daktari wake. "Wewe mpwa," akasema, "diploma imekushinda, na uigizaji nao umekushinda?"

Diploma niliiacha katikati, ni kweli. Ilikuwa ya kompyuta, na ndiyo sababu ukoo mzima hunipa mimi simu zao mbovu.

Macho ya nyumba ile yalikuwa mkazamjomba, mke wa mjomba. Yeye ndiye aliyemsomea barua, bei za dukani na nyuso za wageni. "Huyu anatabasamu lakini hajafurahi," alikuwa akimnong'oneza, mgeni mwenyewe akisikia. Kochi lao lilipauka mpaka likawa rangi ya vumbi, naye akaendelea kumwambia mumewe kwamba ni jekundu. Nilipofungua mdomo kusahihisha, alinikanyaga mguu.

Alifariki hospitalini, asubuhi, kwa shinikizo la damu. Tulimzika. Wageni wakapungua, viti vya kukodi vikarudishwa, ikabaki kazi moja: kusajili kifo. Zamani ulikwenda dirishani, ukaongea na karani, ukagongewa muhuri. Sasa dirisha limezibwa kwa ubao, na juu ya ubao pamebandikwa karatasi: huduma zote zinapatikana kwenye tovuti. Wakambandikia kipofu karatasi. Ningekuwa na hasira kama si kwamba kwanza nilicheka.

"Lete simu nijaze, mjomba. Ni kazi ya dakika mbili."

"Ndoa yetu niliandikisha mwenyewe," akasema. "Karani alitaka shemeji anisemee, nikakataa. Na hili nitaliandikisha mwenyewe. Simkabidhi mke wangu kwa mdomo wa mtu."

"Mimi si mtu. Mimi ni mpwa wako."

"Ndiyo maana nakuambia kwa upole."

Simu yake husoma kwa sauti kila anachokigusa, kwa kasi ambayo mimi nasikia maharage yakimwagwa kwenye sinia. Yeye anasikia maneno. Akaanza. Jina la marehemu, akaandika. Tarehe ya kifo, akaandika. Uhusiano wako na marehemu: mume. Kufika chini ya ukurasa, simu ikasema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Kitufe gani?" akaiuliza.

Wenye macho tuliona vialama: mshale, tiki, ndoo ya taka. Simu haikuwa imeambiwa majina yake.

"Cha katikati, mjomba."

"Nimekuomba kitu?"

Akabonyeza kimoja kwa kubahatisha. Kilikuwa ndoo ya taka. Kila alichoandika kikafutika, na simu ikaanza upya bila haya: "Jina la marehemu."

Siku nyingine alibahatisha vizuri, tovuti ikamtaka ahakikishe kwamba yeye ni binadamu kwa kuchagua picha zenye ngazi. Akiwa bado anapapasa, ukurasa ukajifunga wenyewe kwa sababu umekaa muda mrefu. "Jina la marehemu." Ikawa hivyo kila asubuhi. Sisi wengine tulimzika mkazamjomba mara moja tu.

Nikashindwa kuvumilia, nikampeleka ofisi wanakotengeneza tovuti ile. Mkuu wao alitupokea vizuri, akatupa viti na maji.

"Mzee wangu, wasioona tuliwafikiria," akasema. "Siku ya majaribio kitengo kizima tulijifunga vitambaa machoni. Wote tulifika mwisho."

"Ukurasa mlikuwa mnaujua?"

"Si sisi ndio tulioutengeneza?"

"Basi hamkuwa vipofu, mwanangu. Mlikuwa nyumbani kwenu, umeme umekatika."

Mkuu alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Fundi wa tovuti, dada mmoja wa sauti ya chini, akasogeza kiti. "Baba, nionyeshe unavyofanya. Sitakusaidia. Nitasikiliza tu."

Akamwonyesha. Chumba kizima kikasikia simu ikitaja jina la mkazamjomba, tarehe yake, kilichomuua, kisha kitufe, kitufe, kitufe. Waliokuwa wakichapa wakaacha. Fundi alifumba macho, na nadhani safari hii hakuwa nyumbani kwao.

Akaifanyia kazi kwa majuma. Vitufe akavipa majina. Picha za ngazi akazitoa, akaweka namba inayotumwa kwenye simu yako. Jambo moja alimpigia mjomba kuuliza: "Ukurasa usijifunge haraka, nimekuelewa. Sasa nikuongezee muda gani, baba?"

"Sijui, binti yangu. Usinifungie tu. Niulize kwanza."

Siku tuliyoambiwa tovuti iko tayari, mjomba alivaa shati lililopigwa pasi akakaa kwenye kochi. Simu aliipunguza kasi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akaandika yote, ikapita sawa, na chini kabisa simu ikatamka: "Kitufe, rudi nyuma. Kitufe, futa yote. Kitufe, thibitisha kifo."

Kidole kikabaki hewani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye kumbukumbu za serikali mke wake alikuwa bado hai, na vile vitufe bubu ndivyo vilivyokuwa vimemshikilia.

"Mpwa, nenda kachemshe chai."

Nikaenda jikoni, nikauacha mlango wazi kidogo. Maji yalikuwa hayajapata moto niliposikia simu ikiuliza, taratibu, kama mtu mwenye adabu: "Unahitaji muda zaidi?"

Halafu ikasoma alichobonyeza: "Ndiyo. Umeongezewa muda."

Maji yakachemka. "Unahitaji muda zaidi?" "Ndiyo." Nikazima jiko. Nikaliwasha tena, maana sikujua mikono niiweke wapi. "Unahitaji muda zaidi?" "Ndiyo." Chai ilikuwa imeiva mpaka imekuwa chungu niliposikia kitu kingine: "Kifo kimesajiliwa. Asante kwa kutumia huduma zetu."

Niliingia na vikombe. Simu haikuwa imemaliza. Siku hizi tovuti ile haifichi kitu. "Kitufe," ikasema. "Sajili kifo kingine."

Mjomba aliigeuza ikalala kifudifudi juu ya goti lake.

"Mwambie yule binti amefanya kazi nzuri," akasema. "Hicho cha mwisho tu, akinyamazishe."

"Nitamwambia."

Alipokea kikombe kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa ukipapasa kochi pale kando yake, mahali palipo wazi.

"Na hili," akauliza, "bado jekundu?"

Nikalitazama.

"Jekundu, mjomba," nikasema. "Jekundu sana."