Waya Uliopita Juu ya Ua Wetu

Harufu ya lehemu inayoyeyuka ndiyo iliyonilea, si ya chaki. Shule niliiacha darasa la nne na sioni aibu. Redio ninazotengeneza hapa Kariakoo huletwa na watu wenye digrii zao. Aliyenifundisha ni Mzee Kanti, Mhindi aliyekaa ghorofani, jirani na nyumba yetu. Alikuwa na kibali cha redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza na wenzake wa nchi za mbali kwa mapenzi tu, bila kutangaza wala kuuza kitu. Antena yake ilikuwa waya wa shaba ulioanzia dirishani kwake, ukavuka ua wetu, ukafungwa kwenye paa la jiko la mama. "Mzee Kanti," mama alikuwa akimpigia kelele akiwa chini, "huyo wa ng'ambo hana majirani wa kuongea nao?" Naye alikuwa akijibu, "Anao, Mama Zena, ila wa kwangu kazi yake kunifokea!"

Masika ile nilikuwa na miaka kumi. Kila alasiri nilipanda kwake kujifunza. Sikiliza kwanza, usije ukamkatiza mwenzio. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali, chomoa antena. Fimbo ya shaba iliyochomekwa chini kupeleka umeme wa redio ardhini imwagie maji kiangazi, maana udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Tukibeba betri kwenda kujaribu uwanjani, alinionyesha kwanza nyaya za umeme za mtaani, begi la vifaa bado limefungwa. "Waya wako na zile zisikutane, hata ukikatika." Lakini sheria kubwa ilikuwa ya uani. Mvua ilikuwa imelegeza kamba, waya ukashuka mpaka mtu mzima akinyoosha mkono anaufikia, na mzee alikuwa anangoja paa likauke aupandishe. Waya huo, redio inaporusha sauti, humuunguza anayeugusa. Kwa hiyo kuchungulia dirishani kabla hajabonyeza kipaza sauti ilikuwa kazi yangu.

Siku hiyo sauti ya mtu wa mbali ilikuwa inakuja na kupotea. Mzee akauliza, "Zena, uani kuna mtu?" Nikasema, "Hakuna," macho yangu yako kwenye mshale wa redio. Kumbe jua lilikuwa limetoka baada ya siku tatu za mvua, na mama, kamba yake ya nguo imejaa, alikuwa anaanika khanga mbichi kwenye ule waya. Mzee akabonyeza kipaza sauti, na mama nilimsikia kabla sijamwona. Vidole viwili viliungua hadi ndani. "Unataka kuniua kwenye ua wangu mwenyewe?" akapiga kelele. Mzee Kanti alinitazama mara moja tu, akainama dirishani. "Kosa langu, Mama Zena. Nilipaswa kuwa nimeshaupandisha." Mimi nikarudisha macho kwenye mshale. Waya aliuteremsha alasiri ile ile, na mahali pengine pa kuufunga hakuwa napo.

Leo mimi ndiye ninayefundisha. Vijana wananiamkia shikamoo, kisha wananitania: "Bibi, mbona unashuka ngazi mwenyewe kuangalia kama kuna mtu chini ya waya? Si upige simu chini?" Nashuka. Wao wana redio za kushika kiganjani, na ikiharibika moja wananunua nyingine. Mzee Kanti alikuwa na waya mmoja. Mama alikufa akimlaumu yeye, na familia ya mzee ilihama mtaa bila mimi kupanda zile ngazi kusema ukweli.