Kasura Kanakotabasamu

Asubuhi ile, nyumbani kwa bibi kule Ihanda, tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mama mdogo, mjomba, jirani aliyekuja kumwosha bibi, na bibi mwenyewe, amefunikwa shuka. Aliyekosekana ni mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa chuo cha ualimu, safari ya kutwa nzima kwa basi. Bibi ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki, mimi nikaacha shule kwenda kuuza mchele Tunduma.

Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari ya msiba. Huambiwa mgonjwa kazidiwa, aje, ili ukweli aukute nyumbani, penye watu wa kumshika.

"Usimpigie," mama mdogo aliniambia. "Sauti yako hiyo itatuumbua. Andika."

Nikaandika kwamba bibi hajisikii vizuri, aje nyumbani. Mama mdogo akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho yake.

"Haka kaujumbe kamekauka. Atashtuka, aanguke njiani. Weka na kale kasura kanakotabasamu."

"Mama mdogo, vikatuni umevijua lini?" mdogo wangu akauliza.

"Tangu uanze kunitumia hivyo badala ya sukari."

Jirani alicheka, kisha akakumbuka yuko wapi, akajifuta uso kwa khanga. Nikaweka kasura, nikatuma.

Jibu halikuchelewa: "Poa dada. Kesho nina mtihani, nakuja keshokutwa. Mwambie asimalize maharage." Mbele yake sura zinazocheka mpaka machozi, zimepangwa mstari. Tulipokezana simu, kila mtu akasoma.

Mchana wazee wa ukoo wakaamua mazishi yawe kesho yake. Mjomba aliwaomba wasubiri siku moja, wakakataa. Ndipo nilipoandika tena: "Njoo leo." Safari hii sikuweka chochote.

Simu ikaita papo hapo. Nilimtazama mama mdogo, akatikisa kichwa. Ikaita mpaka ikakata. Kisha ukaingia ujumbe: "Dada, mbona sasa hakuna kasura?"

Alijua. Lakini mabasi ya kuja huku yalikuwa yameshaondoka. Aliuacha mtihani, akapanda basi alfajiri ya kesho yake, na alipokuwa njiani sisi tulikuwa tunarudishia udongo.

Jioni alipofika, mama mdogo alimpokea mlangoni, wakalia pamoja. Baadaye mdogo wetu alinifuata jikoni, akaketi kwenye kigoda.

"Maneno niliyasoma, dada. Lakini ile sura niliiona kabla ya maneno, moyo ukatulia. Hata neno mgonjwa ungeliandika mara kumi, ningelisoma huku namwona mtu anatabasamu."

Nimeliwaza sana jambo hilo nikiwa sokoni. Wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo, Zambia, na Kibemba chao naokota neno hapa neno pale. Lakini mtu akisimama mbele ya gunia najua kama atanunua, maana uso wake umeshaniambia kabla hajafungua mdomo. Nadhani kichwa cha mtu ndivyo kilivyo. Mtoto humsoma mama yake usoni kabla hajajua neno hata moja. Basi kile kidude cha njano, macho mawili na mdomo, kichwa hakiulizi kama ni mchoro. Kinaona sura, kinaiamini, na maneno yanayofuata yanakuta mlango umeshafungwa. Sisi tulitaka kumkinga, tukamtumia uso wa uongo.

Mdogo wetu alirudi chuoni kuomba arudie mtihani. Siku hizi ujumbe wake ni maneno matupu. "Nimefika." "Nimekula." "Salimia." Nausoma mara mbili, mara tatu, nikitafuta yukoje, sioni.

Juzi aliuliza: "Bibi alisema nini mwishoni?"

Alimwita yeye. Alimwita kwa jina la utotoni, akauliza kama amefika, nami nikamjibu yuko njiani, akafumba macho. Nimeyaandika hayo mara nyingi na kuyafuta. Sitaki ayasome kwenye kioo cha simu akiwa bwenini, hana wa kumshika. Nimemwambia akija likizo nitampeleka kaburini, nimweleze kwa mdomo, anitazame usoni.

Amejibu: "Sawa." Likizo imepita, hakuja. Habari hiyo ni yake, bado ninayo mimi.